Jina Moja kwa Mlango wa Nyumba ya Barafu

Hapo zamani, na msinihesabie miaka, maana zamani hii ilikuwa na trafiki na karatasi za bima, paliishi mwanamke wa Kigogo kando ya bwawa la Mtera. Jina lake Nyemo, na Nyemo alikuwa na nyumba ya barafu. Msidhani ni nyumba ya kulala. Kilikuwa chumba cha bati chenye kuta mbilimbili, katikati pamejazwa maranda ya mbao ili baridi isitoroke, na chini yake magurudumu manne. Perege waliovuliwa alfajiri waliingizwa humo, wakafunikwa barafu, wakasubiri wanunuzi wa mjini.

Mtauliza, nyumba na magurudumu wapi na wapi? Ni kwa sababu maji ya Mtera hayakai mahali pamoja. Kiangazi yanarudi nyuma, wavuvi wanayafuata. Masika yanapanda, wavuvi wanayakimbia. Asiye na magurudumu kule, mara anauza samaki kwenye tope lililokauka, mara anauza maji yakiwa magotini. Nyemo alikuwa mjane, na ng'ombe wote alioachiwa na marehemu walikuwa wamegeuka nyumba ile. Ikipotea, yeye na mama yake mzazi, Bibi Mbeleje, wangebaki kutazamana.

Mwaka huo mvua zilikuja kwa vishindo. Maji yakapanda, wavuvi wakahamia ng'ambo, upande wa Wahehe. Nyemo alikuwa amezoea kuisogeza nyumba yake ufukoni kwa kamba na maksai. Safari hii ilibidi ipite barabara kuu, iteremke mlima, ivuke ukuta wa bwawa. Na barabara kuu, ndugu zangu, haina mzaha. Kinachovutwa huko kinaitwa tela, na tela lina sheria zake.

Akaenda kwa fundi Yaledi amchomee ndoano ya kuvutia. Yaledi akasema ndoano na pini ya kuifungia havitoshi, lazima kuwe na mnyororo wa pembeni, wa kulishika tela pini ikikatika. Nyemo akasema mnyororo hakuuagiza. Yaledi akasema basi na ndoano hachomi. Akakaa na nyumba siku mbili, anachomea mnyororo ambao hakuna aliyemwomba, huku maji yanapanda. Nyemo alimsema mpaka koo likakauka. Fundi alishusha miwani yake akaendelea na kazi.

Akaja Chilewa, wakala wa bima, mwembamba, mkoba kwapani. Nyemo akamwambia gari litakalovuta ni la shemeji yake, na lina bima. Chilewa akatikisa kichwa.

"Mama, bima ya gari inawalinda wale mtakaowagonga. Nyumba yenyewe ikivunjika, bima hiyo haiijui."

Nyemo akamfukuza. Akarudi. Akamfukuza tena. Akarudi mara ya tatu, kwa miguu, juani, na safari hii alikuwa amembebea fomu za kusajili tela ili lipate namba zake. Alizunguka nyumba akaipiga picha pande zote kama bwana harusi. Nyemo akatia sahihi fomu za tela na bima ya nyumba yenyewe, ili tu aondoke mbele ya macho yake. Mgeni king'ang'anizi, dawa yake ni kumpa anachotaka.

Siku ya safari ikafika. Kalolo, mume wa mdogo wake Nyemo, akaja na pikapu yake ya kiti kimoja kirefu cha mbele. Namba zipo, taa za nyuma zinawaka, vibao vyekundu vinang'aa, pini imekaa, mnyororo umefungwa. Likabaki jambo moja: Bibi Mbeleje atakaa wapi?

Kwa maana Kalolo alikuwa mkwe wake. Na mama mkwe wa kwao, aliyelelewa akaleleka, hakai kiti kimoja na mume wa binti yake. Hali naye, hatazamani naye, wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Nyuma ya pikapu kulijaa makreti na nyavu. Nyemo akamsihi mama yake apande tu mbele, yeye atakaa katikati awe ukuta. Bibi akasema heri afe kwa baridi kuliko kufa kwa aibu. Akajifunga blanketi, akaingia kwenye nyumba ya barafu, akakalia kreti la perege. Mlango ukafungwa. Na Nyemo, Mungu amsamehe, aliona ni sawa.

Walipofika kwenye kizuizi cha polisi, kabla ya mteremko, akawasimamisha Afande Koku. Akakagua namba. Zipo. Akakagua taa. Zinawaka. Akakagua mnyororo, akakagua bima. Nyemo kichwa kikamvimba kwa fahari. Kisha afande akasema, fungua mlango.

"Bibi, unafanya nini humu?"

"Namheshimu mkwe wangu," akajibu Bibi Mbeleje, meno yakigongana.

Afande Koku hakucheka. Akasema kinachovutwa hakibebi mtu, awe mzee awe mtoto, na gari halitoki pale mpaka bibi ashuke. Nyemo akalalamika kwamba barafu inayeyuka. Iyeyuke, akasema afande. Kalolo akaenda kusimama nyuma ya pipa la mafuta ili asisikie mkwe akibembelezwa. Nusu saa nzima. Mwisho Bibi akashuka mwenyewe, akajitanda kitenge kichwani mpaka kidevuni, akakaa dirishani akiwapa kisogo, Nyemo katikati. Machozi yalimtoka bibi wa watu. Nyemo alimchukia yule askari kuliko alivyowahi kumchukia mtu.

Wakaanza kuteremka.

Katikati ya mteremko pini ikakatika. Nyemo alisikia mlio mmoja tu, kisha akaona kwenye kioo nyumba yake inakuja upande upande. Mbele yao, juu ya ukuta wa bwawa, wanawake wa mnadani walikuwa wanavuka na mizigo kichwani. Mnyororo ukakaza, ukalia, lakini haukukatika. Kalolo hakukanyaga breki kwa pupa. Angekanyaga, nyumba ingewapanda mgongoni. Alipunguza mwendo taratibu, akaiburuza, akaibania kwenye kingo za barabara mpaka ikalala ubavu. Paa likabonyea mpaka likagusa sakafu. Barafu ikamwagika barabarani, na mbuzi wa watu wakaja kuilamba.

Nyemo akashuka, akalitazama kreti alilokalia mama yake. Lilikuwa limekuwa bapa. Akarudi mbio garini, akafunua kitenge, akaushika uso wa mama yake kwa mikono miwili. Alicheka, akalia, akacheka tena. Bibi Mbeleje akamwambia amfunike, mkwe anaona.

Hakuumia mtu. Na mtathmini wa bima alipokuja, bima ikaitengeneza nyumba: ukuta mpya, paa jipya, ekseli na magurudumu mawili. Kabla maji hayajapungua, nyumba ilikuwa imesimama ng'ambo, imejaa perege.

Sasa sikilizeni vizuri. Bwawani kuna desturi: chombo kilichonusurika huandikwa mlangoni jina la aliyekinusuru. Jina moja. Wakiandikwa wawili, wanasema, chombo hakijui kimwitikie nani. Nyemo akaita watu, akapika wali na perege, akamleta mchoraji na kopo la rangi ya bluu.

Yaledi akasema, "Andika Yaledi. Bila mnyororo wangu nyumba ingewafyeka wale mama, kisha ingezama. Hapo mngetengeneza nini?"

Afande Koku, siku hiyo akiwa na gauni la maua, akasema, "Bati huchomelewa, mtu hachomelewi. Bila mimi leo tungekuwa tunakula wali wa matanga."

Chilewa akakohoa kidogo. Akasema mnyororo uliokoa watu wa njiani, na afande alimwokoa bibi, hilo halina ubishi. "Lakini mlangoni tunaandika aliyeiokoa nyumba. Mama Nyemo alibaki na chuma chakavu na mbuzi wanalamba. Mlango huu mnaotaka kuuandika, umetoka wapi?"

Yaledi akamjibu kwamba mtathmini alianza kwa kuuliza mnyororo uko wapi, na bila huo asingelipa. Afande akaongeza kwamba angemkuta mtu ndani, ile karatasi ya bima ingekuwa ya kufungia vitumbua.

Kalolo alikuwa upande wa pili wa nyumba, kama mkwe apasavyo. Sauti yake ikapita kwenye bati. "Shemeji, waambie mnyororo hauna macho. Nani alishika usukani?"

Ndipo Bibi Mbeleje, chini ya kitenge chake, akasema polepole.

"Afande aliamuru, lakini miguu ni yangu. Ningegoma ningekuwa nimegoma. Nilivunja heshima ya miaka sitini mbele ya watu ili binti yangu asikose safari. Mimi mnaniweka wapi?"

Nyemo akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Walikuwa watano; wanne kati yao Nyemo alikuwa amewafukuza, amewasema, amewachukia au amewasihi bure, na wote watano alitaka kuwakumbatia. Mchoraji alikuwa amechovya brashi. Rangi ilikuwa inadondoka mchangani, tone baada ya tone, na mlango bado mweupe.

Mimi nimewafikisha hapo mlangoni, na brashi nawaachia ninyi. Je, nani alistahili?