Kwa Nini Bwana Harusi wa Italula Hukalishwa Nyuma ya Nguzo

Nyinyi mnaomcheka bwana harusi akikalishwa peke yake nyuma ya nguzo, tulieni niwaambie. Zamani hapa Italula, kanisani wanaume walikaa kulia, wanawake kushoto. Mtu na mkewe walitoka nyumba moja, wakifika mlangoni kila mmoja anashika njia yake. Hakuna aliyeuliza.

Mwinjilisti wa siku hizo alikuwa Asajile, mtu wa maneno matamu. Ndiye aliyewafunda wachumba wote. "Ndoa si mapatano ya kupikiana na kulimiana," alisema. "Ni agano. Kristo alilipenda kanisa hata akajitoa. Nanyi si wawili tena, ni mwili mmoja." Watu walitokwa na machozi.

Mkewe, Tulinagwe, aliyasikia hayo miaka thelathini, kwenye benchi lile lile alilokalishwa alipokuja kuolewa. Jumapili moja wakiwa njiani akamtania, "Baba Lusajo, mwili mmoja gani huo unaokaa mabenchi mawili? Leo nikae nawe. Leo tu."

"Mama Lusajo! Watu watasemaje?"

Tulinagwe akacheka, akaenda benchini kwake. Hakuomba tena. Masika ile ile homa ikamlaza siku nne. Ya tano wakamzika.

Siku ya maziko jeneza liliwekwa mbele, kando ya kiti cha Asajile. Ndipo alipotambua, masikini, kwamba leo ndiyo wamekaa pamoja. Ilimuuma, lakini yalikuwa hayajaisha. Jumapili iliyofuata miguu ilikataa kwenda mbele. Alikwenda kushoto, wanawake wakampisha, akaketi mahali pa mkewe. Akainua macho atazame madhabahu. Lo! Nguzo. Akasogea huku, nguzo, kule, nguzo. Miaka yote ile alisimama mbele akifundisha upendo, na mkewe hakuuona hata uso wake. Wala yeye hakuwahi kwenda kukaa pale ajue. Alilia mbele za watu, mzee mzima, bila kujificha.

Na tangu siku hiyo, Italula mume na mke huketi benchi moja. Bwana harusi huanzia nyuma ya nguzo, peke yake, wimbo mzima, ndipo humwendea mwenzake mbele. Wengi hunung'unika kwamba pale hawaoni kitu. Wazee huwajibu, "Naye hakuona."