Ubatizo wa Bwawani

Zamani hizo, Wakristo na wenye miungu ya kale walipokuwa wakigombania Misri, Askofu Pafnuti aliingia kijiji cha waabudu mamba akiwa na askari arobaini na beseni la fedha.

"Mtabatizwa leo hii!" alinguruma. "Kisha mnitolee huyo mamba wenu nimchinje."

Bibi Tasheri, aliyemlisha mamba yule bwawani tangu akiwa na urefu wa kiganja, alijitokeza mbele. Akatabasamu.

"Tumekubali, Baba Askofu. Ila sisi ni wengi, na hako kabeseni kako katatumaliza lini? Libariki bwawa zima, tuzame mara tatu kama dini yako inavyotaka. Na tukishatoka humo, tutakuwa nani kwako?"

"Wanangu!" Askofu alijibu kwa furaha. "Kila atakayetoka kwenye maji haya ni mwanangu. Askari hatamgusa, na mlo wake ni juu yangu."

Akafumba macho, akasali. Kijiji kizima kikazama, kikaibuka, kikacheka maji yakiwatoka puani.

"Haya, mamba yuko wapi?" Askofu aliuliza, kisu mkononi.

"Mamba gani tena, Baba?" Tasheri alisema huku akikamua nguo yake. "Ulipofumba macho alizama nasi mara zote tatu. Waulize."

"Amina!" kijiji kikaitikia.

Pua pana ikachomoza majini, karibu kabisa na viatu vya Askofu.

"Tumempa jina lako," alisema Tasheri. "Haya, baba mtu, Pafnuti mdogo hajala tangu asubuhi."