Kwa Nini Watu wa Milimani Huitana Kwenye Ukungu

Hapo kale, watu wa milima ya Upare hawakutoa sauti ukungu uliposhuka. Walisema ukungu ni pumzi ya mizimu, na aliyeupigia kelele alifukuzwa kijijini. Ukikukuta njiani, ulikaa hapo hapo, kimya, mpaka kukawa kweupe.

Mlinzi wa mwiko huo alikuwa Mzee Senzia. Asubuhi moja bintiye mkubwa, Namkunda, alikuwa na uchungu wa uzazi tangu juzi, na mtoto hatoki. Mkunga, Bibi Nakiete, aliishi upande wa pili wa mlima. Nakijwa, mdogo wake Namkunda, hakuwa na mshindani kwa mbio. Akajifunga nguo kiunoni, akatoka.

Alikuwa juu mgongoni mwa mlima ukungu ulipomfunika, mzito kama maziwa mgando. Hata miguu yake hakuiona. Alijua kushoto ni mwamba na kulia ni korongo, lakini kushoto ni wapi? Mwiko ulimtaka aketi. Akamkumbuka dada yake, akaendelea. Mara kokoto zikaporomoka chini ya vidole vyake. Akasikiliza zitue, hazikutua. Hofu ikamtoa ukelele, "Huuu!"

Sauti ikamrudia kutoka upande mmoja, kavu, ya karibu. Upande wa pili haikurudi kabisa.

Basi akaelewa: mwamba hujibu, korongo humeza. Akaita tena, akaifuata ile sauti iliyorudi. Akaita, akakimbia, akaita, akakimbia, moyo ukimdunda kwa furaha ambayo hakuitarajia, kana kwamba mlima mzima unamshika mkono.

Bibi Nakiete alimsikia, akamngoja mlangoni na mkoba wake wa dawa.

"Nani anavunja mwiko?"

"Ni mimi, bibi. Dada yangu anakufa."

"Nibebe, mjukuu wangu. Kwa miguu hii yangu hatutawahi."

Wakarudi mbio, bibi mgongoni, wote wawili wakiita. Lakini karibu na kijiji mwamba uliisha. Wakaita, na sauti haikurudi popote. Nakijwa akasimama, hajui pa kukanyaga.

Kule chini watu walisikia. Wakamtazama Mzee Senzia, na hakuna aliyethubutu kufungua mdomo. Mzee aliitambua sauti ya mwanawe. Akaweka viganja mdomoni na kujibu, "Huuu!" Kijiji kizima kikapokea. Nakijwa akaikimbilia ile sauti, akashuka mteremko bila kujikwaa, akamtua mkunga mlangoni pa Namkunda.

Kabla ya adhuhuri mtoto alilia, naye mama yake akaomba uji. Mizimu haikusema kitu.

Na tangu siku hiyo, ukungu ukishuka milimani, apitaye huita, na asikiaye hujibu, hata kama yuko jikoni, hata kama anayeita ni hasimu wake. Ugomvi wenu mtaumaliza jua likitoka.