Kila Fundi Alikaza

Palikuwa na nesi mmoja mstaafu, mama mfupi, mkali, asiyependa kubembelezwa. Kanisa lake lilikuwa na pikipiki kuukuu, yenye umri unaowazidi wengi wenu mlioketi hapa, na kila Jumanne mama huyo aliipanda kwenda mlimani kuwasafisha vidonda wagonjwa saba wasioweza kushuka. Saba, ndugu zangu, na hawakuwa na mtu mwingine.

Kabureta, kile kifaa kinachoipimia injini petroli, ikaanza kuvuja. Wazee wa kanisa wakaita fundi, akaona petroli inadondoka, akachukua bisibisi, akakaza. Wiki haikuisha, ikavuja zaidi. Wakaita wa pili, mwenye misuli. Naye akakaza. Wa tatu alikaza mpaka skrubu zikalia. Mnacheka? Haya, chekeni.

Mwisho wazee wakakaa kikao, wakasema pikipiki imezeeka, Ijumaa inauzwa kwa watu wa vyuma chakavu. Mama akauliza nani atawasafisha vidonda wale wa mlimani. Akajibiwa kwamba wataombewa. Hapo alipandwa na hasira kwelikweli. Alhamisi asubuhi akaisukuma pikipiki mpaka uani kwake, akaketi chini na bisibisi yake. Mwenyekiti wa wazee akamfuata mbio.

"Mama, hiyo ni mali ya kanisa. Kama ni kukaza, mafundi wamekaza vya kutosha."

"Mimi sikazi, mzee," mama akasema bila kuinua macho. "Mimi nafungua."

Akafungua. Alikuta nini? Kipande cha kutu, kidogo kama chawa, kimekaa pale kisindano cha kabureta kinapotakiwa kuziba na kuizuia petroli. Na kikombe cha chini cha kabureta, kwa kukazwa na kukazwa, kilikuwa kimepinda. Akakisugua kwa msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka kikakaa sawa. Akachungulia tangi: kuta zake safi, lakini chini kutu imetuama. Sasa niambieni, ilitoka wapi?

Ijumaa wazee wakaja na mnunuzi wao. Mama alikuwa ameshasafisha kila kitu na kutia petroli aliyopewa na jirani. Akafungua koki ya tangi, wakangoja. Halikudondoka hata tone. Akapiga kiki, ikaunguruma. Mwenyekiti akafurahi, akauliza ni nani aliyeikaza vizuri namna hiyo.  Mama akawapeleka stoo ya wazee, kwenye pipa wanamoweka petroli ya kanisa, akachota kikombe, akakimimina juu ya kitambaa cheupe cha kufungia vidonda. Kitambaa kikajaa kutu.

"Mwaka mzima mmekaza huku chini," akasema, "na uchafu mnaumimina ninyi wenyewe kutoka juu."

Ndugu zangu, hapa kwetu vijana wanadondoka mmoja mmoja. Nasi tumefanya nini? Tumekaza. Suruali marufuku, mitindo ya nywele marufuku, aliyezaa kabla ya ndoa akae benchi la nyuma. Wakizidi kuondoka tunakaza tena, halafu tunasema kizazi hiki kimeharibika. Nani kati yetu amelichungulia pipa? Masengenyo yetu, upendeleo wetu, yale tunayofanyiana kwenye vikao, ndiyo yanayowashukia kila Jumapili, na mimi mchungaji wenu nimo.

Leo naacha kukaza. Anayetaka nihamishwe kwa neno hili, amwandikie askofu kesho asubuhi. Mimi nitahama. Pipa mtabaki nalo.