Barua ya Kumfukuza Bi Sikujua

Ilikuwa zamani, lakini si zamani ya kusahaulika. Waziri wa Mambo ya Nje wa Tumbuni alisikia kwamba Bi Sikujua, muuza mihogo ya kukaanga, anamsema sokoni: eti ameigombanisha nchi na majirani wote. Akamfuata hukohuko na askari wanne.

"Futa maneno yako mbele ya watu hawa, la sivyo nakufukuza nchini!"

Bi Sikujua akapiga magoti. "Nimeshasema, baba, siwezi kuyameza. Nifukuze. Ila niandikie barua ya kunikabidhi kwa jirani mmoja, nisije nikazurura mpakani kama mbuzi."

Waziri akacheka, akachomoa kalamu. Bi Sikujua akajitwika furushi.

"Nielekee kaskazini, mheshimiwa?"

"Kaskazini hapana! Balozi wao nilimtimua kwa kusinzia nikihutubia."

"Kusini basi?"

"Wale? Tangu nimcheke mfalme wao anavyocheza ngoma, barua zangu wanazirudisha hata hawajazifungua."

"Mashariki je?"

"Mashariki wamefunga mpaka, wapumbavu wale! Niliwaambia ukweli tu kuhusu pilau yao."

Waziri akageukia magharibi, akaona bahari tupu. Kalamu ikamganda mkononi, na watu wakaangua kicheko.

Bi Sikujua akatua furushi, akachochea moto chini ya karai.

"Ukipata rafiki mmoja, mheshimiwa, niite. Utanikuta hapahapa."