Mstari wa Mzee Kapinga

Kinga huonjwa pembeni. Mmeisikia leo ghalani, mlinzi mpya alipokabidhiwa kwanza stoo ya maganda badala ya stoo ya kahawa, nanyi mkacheka. Lakini methali hii haikuanzia kwa walinzi. Ilianza hivi.

Palikuwa na mwanamke hapa Mbinga, Tekla Ndunguru, aliyechapa picha kubwa kwa mashine ya wino, kwenye karatasi nzito ya pamba. Picha za namna hiyo hazitaki mchezo. Ukungu wetu huu ukiziingia, mwaka haupiti zimeota madoa. Kwa hiyo Tekla alizipaka kinga ya vanishi ya maji, nyembamba, mara tatu, akisubiri kila mpako ukauke. Kazi aliijua, na alijua kwamba anaijua, jambo ambalo nalo lina hatari yake.

Kila karatasi ilibaki na ukingo mweupe. Kawaida ya kazi ni kupaka vanishi kidogo kwenye ukingo huo, uone itafanya nini, ndipo upake picha yenyewe. Ukingo hukatwa mwisho. Tekla siku hizo alikuwa akikata kwanza, kwa sababu picha ilipendeza zaidi mezani, na miaka sita vanishi haikuwa imemwangusha.

Ndipo Mzee Kanisius Kapinga, mpiga picha wa zamani, akaleta picha ya marehemu mkewe akilima ngoro, yale mashimo yetu ya kupandia, mlimani. Macho ya mzee yalikuwa yanazima, kila wiki nuru inapungua. Picha ilipochapwa aliiinamia, pua karibu iguse karatasi, akaandika kwa kalamu, ndani ya picha upande wa chini, mstari mmoja kwa binti yake Benigna, aliyeolewa Peramiho. Tekla alimshikia karatasi, akausoma. Wote wawili walijua kwamba huo ndio mwandiko wake wa mwisho.

Tekla aliuacha wino wa mashine ulale siku nzima, akakata kingo, akapaka. Picha ilitulia vizuri. Wino wa kalamu ukayeyuka. Kabla hajainua brashi, mstari ulikuwa umechuruzika na kuwa doa la buluu. Akaketi, akalia.

Alipomaliza kulia akachapa picha nyingine, akashika kalamu, akaiga mwandiko wa mzee. Ulifanana kabisa. Siku nne alikaa nayo ndani. Siku ya tano akazibeba picha zote mbili hadi kwa mzee, ambaye sasa alikuwa haoni kitu.

"Shikamoo, baba. Nimeharibu maneno yako."

"Marahaba. Ungeiga tu, mwanangu. Mimi ningejuaje?"

"Nimeiga. Imefanana mno. Ndiyo maana nimekuja."

"Hiyo vanishi uliionja pembeni?"

"Pembeni nilishakata, baba."

"Kinga huonjwa pembeni, Tekla. Wewe umeionja juu ya mke wangu."

Akaomba kalamu na karatasi. Tekla akamwekea mkono mahali pake. Kalamu ilikwenda herufi mbili, ikatoka nje ya karatasi, ikaendelea juu ya meza. Mzee aliposikia mlio wa mbao akaiweka chini.

"Ile uliyoiga ichane. Mpelekee Benigna ile yenye doa, na umwambie nani kaiharibu."

Tekla aliichana palepale, akapanda basi la Peramiho. Benigna aliipokea picha, akamtazama mama yake pichani, kisha lile doa, kisha mgeni wake. Tekla akasema, "Ni mkono wangu uliofanya hivi." Benigna akauliza palikuwa pameandikwa nini.

"'Huyu ndiye aliyekulea. Mimi nilishika kamera tu.'"

"Rudia," Benigna akasema. Tekla akarudia. Akaambiwa arudie tena, akarudia, mpaka sauti ikamkauka, kwa maana hapakuwa na mahali pengine duniani ambapo maneno yale yangeweza kusomwa.

Ndiyo maana twasema, vijana wangu: kinga huonjwa pembeni.