Kwa Nini Ardhi Haimpokei Mfuko wa Plastiki

Simameni vizuri, foleni ya mashine ya kusaga haisogei kwa kusukumana. Nimewaona mnavyotupa mifuko yenu ya plastiki mferejini, na nyote mnajua mwakani itakuwa palepale. Mimi Bi Mwanakombo, niliyeanza kusuka vikapu kabla mama zenu hawajaota meno, nitawaambieni sababu.

Zamani hizo kila kilichobeba mizigo ya watu kilikuwa na mahali pa kupumzika. Kikichoka kilikwenda kwa Bibi Ardhi, kikapiga hodi, naye akauliza swali moja tu, "Nani?" Jani la mgomba lilitaja jina lake, likakaribishwa, likalala, likaoza kwa raha zake. Kikapu vivyo hivyo. Gunia lilikuwa na kigugumizi, lakini Bibi Ardhi alilisubiri mpaka likamaliza, likaingia.

Kisha akaja Mfuko wa Plastiki. Mgeni huyu alikuwa na maringo, jamani, hata sijui niseme vipi. Mwepesi, anang'aa, mvua haimlowanishi. Watu wakampenda, wakampeleka kwa wachapaji, akapigwa maandishi mekundu kifuani: SUKARI SAFI, KILO MOJA. Masikini, akadhani ndilo jina lake. Akawa anatembea kifua mbele ili asomwe. Kikapu kikamwambia, "Ndugu yangu, hilo jina la mzigo, si lako." Akajibu kwamba kikapu kina wivu kwa kuwa hakijaenda shule.

Sukari ikaisha. Akabebeshwa maharage, akabebeshwa dagaa, akabebeshwa nepi za mtoto zilizolowa, mpaka mshikio ukakatika. Akachoka kweli, hana tena hamu ya kusifiwa, anachotaka ni kulala tu. Akaenda kwa Bibi Ardhi.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi."

Ndivyo mnavyonijibu na nyinyi mkija kugonga kwangu, mimi, mimi, kama duniani mko peke yenu. Bibi Ardhi akauliza, "Mimi nani?" Mfuko akainamisha kichwa, akajisoma.

"Sukari Safi, Kilo Moja."

"Sukari alikwisha kwenye chai," akasema Bibi Ardhi. "Na wewe hata robo kilo hufiki. Ondoka hapa, tapeli mkubwa."

Akajisugua kwa mchanga, wino haukutoka. Akajigeuza ndani nje ili asisomeke, akapiga hodi tena. Akaulizwa jina, akababaika, kwa sababu sasa hakuwa na cha kusoma. Bibi Ardhi akasema asiye na jina halazwi humu. Mfuko akalia, na machozi yenyewe yakateleza yakaenda zao.

"Nimechoka, bibi. Nifanye nini?"

Bibi Ardhi alimwonea huruma, ila mlango hakuufungua. "Rudi kwa waliokuandika," akamwambia. "Wakuulize wewe ni nani. Ukishajua, uje."

Na tangu siku hiyo Mfuko wa Plastiki hazikiki. Anarudi kwetu kwa upepo, anarudi kwa maji ya mvua, ananing'inia kwenye michongoma yetu miaka nenda miaka rudi, akingoja mmoja wetu amuulize jina. Nasi tunamwokota, tunachungulia kama kuna sukari iliyobaki, halafu tunamtupa.